ABDULRAHMAN AS-SUFI: MWANACHUONI ALIYEANDIKA HABARI ZA WINGU DOGO LA MBINGUNI

  

 Katika toleo hili tumeona tuwaletee maisha ya mwanachuoni wa elimu ya falaki, Sheikh Abdulrahman As-Sufi, aliyeishi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Kabla hatujaanza, tunapenda kueleza kwa nini tumemchagua yeye.

Mwaka jana tuliwapa wanafunzi wa darasa la juu zoezi la kuangalia mwezi kwa siku 14 mfululizo tangu kuandama, na kuandika kila jioni umbo lake na upande ulipo. Madaftari yaliporudi tulifurahi, kwa sababu yalikuwa yamejaa. Kisha tukakumbuka kwamba jioni mbili kati ya hizo mawingu yalishuka kutoka milimani yakafunika mji mzima wa Same, na sisi wenyewe hatukuuona mwezi. Hata hivyo, karibu kila daftari lilikuwa na mwezi uliochorwa vizuri kwa jioni hizo mbili. Mtoto mmoja tu ndiye aliyeacha nafasi tupu, akaandika kwamba kulikuwa na mawingu. Naye tulikuwa tumeshampunguzia alama, kwa kuwa tulitangaza tangu mwanzo kwamba asiyejaza nafasi zote atapoteza alama.

Alama zake tulimrudishia. Lakini tulijiuliza ni nani tungeweza kuwasimulia wanafunzi wetu, ili wao na sisi walimu tujue thamani ya kuandika kile tu ambacho jicho limekiona. Jibu tulilolipata ni As-Sufi.

KUZALIWA KWAKE NA ZAMA ZAKE

Jina lake ni Abul-Husayn Abdulrahman bin Umar As-Sufi. Alizaliwa katika mji wa Ray mwezi wa Muharram mwaka 291 Hijria, sawa na Desemba 903 Miladia. Mabaki ya mji huo leo yamo ndani ya eneo la jiji la Tehran, nchini Iran. Kwa ajili ya mji wake wengine humwita pia Ar-Razi, na wanafunzi wasimchanganye na Abu Bakr Ar-Razi, tabibu mashuhuri aliyetoka mji huo huo na kufariki As-Sufi akiwa bado kijana.

Zama hizo khalifa wa Kiabbasi alikuwa Baghdad, lakini nguvu za utawala katika Iraq na Iran zilishikwa na watawala wa ukoo wa Buwayhi. Watawala hawa walipenda kukusanya wanachuoni, na As-Sufi alifanya kazi zake Isfahan na Shiraz. Shiraz si jina geni kwetu Waswahili, kwani masimulizi ya kale ya Kilwa na miji mingine ya pwani yanautaja mji huo.

Mtawala aliyemtunza zaidi aliitwa Adud ad-Dawla. Inasimuliwa kwamba mtawala huyo alipokuwa akijifaharisha, hakutaja kwanza majeshi yake bali aliwataja walimu wake: aliyemfundisha nahau ni Abu Ali Al-Farisi, aliyemfundisha majedwali ya sayari ni Ibn Al-A'lam, na aliyemfundisha nyota na mahali pake ni As-Sufi. Mfalme kujivunia mwalimu wake ni jambo la kuzingatiwa.

HALI YA ELIMU YA NYOTA KABLA YAKE

Watu walizihitaji nyota kwa mambo mengi. Msafiri wa jangwani na nahodha wa baharini walizitumia kujua njia. Mkulima alijua msimu kwazo, kama vile wazee wetu walivyoliita kundi moja la nyota Kilimia kwa sababu liliwakumbusha kulima. Kundi hilo Waarabu huliita Thurayya. Muislamu naye alihitaji elimu ya anga kwa ajili ya kujua kibla na nyakati za sala.

Wakati wa As-Sufi palikuwa na elimu za aina mbili. Ya kwanza ilikuwa elimu ya Waarabu wenyewe, waliozijua nyota kwa majina yao na kuzirithisha kwa mdomo na kwa mashairi. Ya pili ilitoka katika kitabu cha Ptolemy, ambaye Waarabu walimwita Batlamyus, aliyeishi Alexandria nchini Misri katika karne ya 2 Miladia. Kitabu chake, Al-Majisti, kilikuwa na orodha ya nyota zaidi ya 1,000 zilizopangwa katika makundinyota 48. Kilifasiriwa kwa Kiarabu na kuheshimiwa sana.

Heshima hiyo ilizaa tatizo. As-Sufi aligundua kwamba waandishi wengi walikuwa wakinakili orodha ya Ptolemy kutoka kitabu hadi kitabu, na mafundi wakichora matufe ya nyota kwa kufuata vitabu hivyo, bila mwandishi wala fundi kutoka nje usiku na kulinganisha maandishi na mbingu. Mwenye kunakili akikosea, aliyemfuata alilinakili kosa na kuongeza la kwake.

KITABU CHAKE KIKUBWA

Takriban mwaka 353 Hijria (964 Miladia) As-Sufi alimaliza kitabu kiitwacho Suwar al-Kawakib ath-Thabita, yaani picha za nyota zisizohama. Alipitia makundinyota yote 48, moja baada ya moja. Kwa kila kundinyota alieleza nyota zake, akataja majina ambayo Waarabu walizipa, akaonyesha pale ambapo mapokezi ya Waarabu na ya Ptolemy yanakutana na pale yanapotofautiana. Kisha aliweka picha mbili: moja jinsi kundinyota linavyoonekana na mtu aliyesimama ardhini, na nyingine jinsi linavyoonekana likichorwa juu ya tufe, ambapo kulia huwa kushoto. Mwisho aliweka jedwali lenye mahali pa kila nyota na daraja la mwanga wake.

Hapa kwenye daraja la mwanga ndipo penye kazi yake kubwa. Tangu zamani nyota zinazoonekana kwa macho zilipangwa katika madaraja sita. Zinazong'aa zaidi ni za daraja la kwanza, na zile hafifu kabisa ni za daraja la sita. As-Sufi hakuyachukua madaraja ya Ptolemy kama yalivyo. Alizitazama nyota mwenyewe, akailinganisha nyota hii na jirani zake, akaamua ipi inazidi na ipi inapungua. Nyota iliyokuwa kati ya daraja na daraja aliiandikia kwamba ni kubwa kidogo au ndogo kidogo kuliko wenzake. Alipotofautiana na Ptolemy alisema hivyo wazi. Darubini haikuwa imebuniwa, wala hakukuwa na kamera. Kipimo chake kilikuwa jicho, subira na kalamu.

Hatutaki kumsifu kwa asichokifanya. Mahali pa nyota katika majedwali yake hakupapima upya pote. Alichukua hesabu za Ptolemy, akaziongezea nyuzi 12 na dakika 42, kwa kuwa nyota zote huonekana kusogea polepole mno kadiri karne zinavyopita. Ptolemy alidhani zinasogea uzi mmoja kwa miaka 100. As-Sufi alifuata hesabu ya wanachuoni wa Kiislamu waliomtangulia, ya uzi mmoja kwa miaka 66. Hesabu ya leo ni karibu miaka 72, kwa hiyo ile ya wanachuoni wetu ilikuwa karibu zaidi na ukweli.

WINGU DOGO

Katika maelezo ya kundinyota la Andromeda, linaloitwa Mwanamke Aliyefungwa Minyororo, As-Sufi alieleza pia umbo la samaki mkubwa ambalo Waarabu walilichora mahali hapo mbinguni. Mbele ya mdomo wa samaki huyo aliweka alama na kueleza kwamba pana kitu mfano wa wingu dogo, doa lenye ukungu, lisilo kama nyota nyingine.

Ptolemy hakuwa amelitaja katika orodha yake. As-Sufi naye hakujua ni kitu gani, wala zama zile hapakuwa na njia ya kujua. Angeweza kulipita, kwa kuwa orodha aliyoirithi haikuwa na nafasi yake. Angeweza pia kuliandika kuwa nyota ya daraja la tano, jedwali likakaa vizuri. Hakufanya hivyo. Aliandika alichokiona: wingu dogo.

Hayo ndiyo maandishi ya kale zaidi yanayojulikana kuhusu kitu hicho. Ilipita zaidi ya miaka 600 ndipo mwaka 1612 Simon Marius wa Ujerumani akalitazama wingu hilo kwa darubini, na hata yeye aliona mwanga wa ukungu tu.

KAZI NYINGINE NA KIFO CHAKE

As-Sufi aliandika pia juu ya usturlabi, chombo cha kupimia urefu wa jua na nyota angani. Mjini Shiraz, katika miaka ya 969 na 970, alitumia pete kubwa ya kupimia iliyoitwa kwa jina la Adud ad-Dawla, akapima jua linapofika mwisho wa safari yake ya kusini na ya kaskazini. Inasimuliwa pia kwamba alimtengenezea mtawala huyo tufe la nyota la fedha, na kwamba miaka mingi baada ya kifo chake tufe hilo lilionekana katika maktaba ya Cairo.

Alifariki mwezi wa Muharram mwaka 376 Hijria, sawa na Mei 986, akiwa na umri wa miaka 85 kwa hesabu ya Hijria.

YALIYOFUATA BAADA YAKE

Kitabu chake kilinakiliwa kwa karne nyingi. Katika karne ya 13 kilitumiwa na wanachuoni wa Mfalme Alfonso wa Kumi huko Hispania. Mwaka 1437 Ulugh Beg wa Samarkand alipotoa orodha yake mpya ya nyota, zile za kusini ambazo hazionekani Samarkand alizichukua kutoka kwa As-Sufi. Majina mengi ya nyota yanayotumika ulimwenguni leo ni ya Kiarabu, kama Aldebaran, ambayo ni Ad-Dabaran, na Fomalhaut, ambayo ni Fam al-Hut, yaani mdomo wa samaki. Hata shimo moja la mwezini limepewa jina la As-Sufi, kwa matamshi ya Kizungu, Azophi.

Madaraja ya mwanga hayakutupwa. Mwaka 1856 Norman Pogson wa Uingereza aliyawekea hesabu kamili: nyota ya daraja la kwanza inang'aa mara 100 kuliko ya daraja la sita, kwa hiyo kila hatua ya daraja moja ni karibu mara mbili na nusu. Hesabu hiyo inatumika mpaka leo.

Na lile wingu dogo? Mwaka 1923 Edwin Hubble wa Marekani, akitumia darubini kubwa ya Mlima Wilson, alipata ndani yake nyota ambayo mwanga wake unaongezeka na kupungua kwa mpango. Bibi Henrietta Leavitt alikuwa ameonyesha mwaka 1912 kwamba nyota za aina hiyo, kadiri zinavyochukua siku nyingi kukamilisha mzunguko wa mwanga wake, ndivyo mng'aro wake halisi unavyokuwa mkubwa. Kwa hiyo ukijua siku zake unajua mng'aro wake halisi. Na ukijua mng'aro halisi, unaulinganisha na mwanga unaotufikia na kupata umbali, kama vile mtu anavyoona taa ya gari mbali barabarani na kukisia liko wapi. Ikadhihirika kwamba wingu la As-Sufi liko mbali mno na nyota zetu. Ni galaksi, yaani mkusanyiko mkubwa wa nyota kama huu wetu ambao tunauona kama Njia Nyeupe, ule utepe wa mwanga unaokata anga. Leo umbali wake unahesabiwa kuwa karibu miaka ya nuru milioni 2.5. Nuru hukimbia takriban kilomita 300,000 kwa sekunde moja, na hiyo inayotufikia usiku huu iliondoka huko miaka milioni 2.5 iliyopita.

Galaksi nazo hukaa kwa makundi. Yetu, ile ya Andromeda na nyingine makumi, nyingi zikiwa ndogo, ni kundi moja. Yapo makundi makubwa zaidi, kama lile la Virgo, lililo umbali wa miaka ya nuru zaidi ya milioni 50 na lenye galaksi zaidi ya 1,000. Wapimaji wa leo huzipiga picha galaksi za kundi, kisha huhesabu mwanga wa kila moja kutoka katikati kwenda pembeni, hatua kwa hatua, waone unapungua kwa haraka au polepole. Huangalia pia kama umbo lake ni la mviringo kama yai, au ni sahani yenye mikono iliyojikunja. Kwa kazi hiyo wamejua kwamba zile za umbo la yai hujaa zaidi katikati ya makundi makubwa, na zile zenye mikono huwa nyingi zaidi pembeni na nje yake.

Mwaka 1933 Fritz Zwicky alilichunguza kundi liitwalo Coma. Alikuta galaksi zake zinakwenda kasi kiasi kwamba zingekuwa zimetawanyika zamani, lau uzito wote ungekuwa ule wa vitu vinavyong'aa tu. Akasema lazima pana kitu kingine kizito kisichotoa mwanga. Mpaka leo wataalamu wanaendelea kukitafuta ni kitu gani. Tunamuona Zwicky amefanya kama As-Sufi: alikutana na jambo asilolielewa, naye hakulificha.

MBINGU YA SAME

Wanafunzi wetu wasidhani kwamba mambo haya ni ya Iran na Marekani peke yake. Hapa Same anayeelekea kibla anaelekea karibu kaskazini kamili, akikengeuka kidogo tu kuelekea mashariki. Mwezi wa Novemba, baada ya sala ya Isha, mvua za vuli zikiruhusu na mwezi ukiwa haupo, mtu akae mahali penye giza mbali na taa za barabara kuu. Aelekee kibla na kuinua macho karibu nusu ya njia kati ya upeo na utosi. Saa mbili usiku wingu la As-Sufi litakuwa kulia kwake kidogo, na kadiri muda unavyokwenda litakuja mbele yake. Macho yakishazoea giza ataliona, doa hafifu, kama pumzi juu ya kioo.

Kisha ageuke aelekee kusini. Usiku huo huo, mahali ambapo milima haizibi, ataona doa jingine karibu na upeo, na usiku ukiendelea litapanda la tatu, kubwa zaidi. Hayo huitwa Mawingu ya Magellan, nayo ni galaksi ndogo jirani zetu, katika kundi letu lile lile. Yako kusini sana, kiasi kwamba mtu aliye Shiraz hayaoni kamwe. Basi mtoto wa Upare anaweza kuona kwa usiku mmoja wingu ambalo As-Sufi aliliona na mengine ambayo hayakupanda mbele ya macho yake Shiraz.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

Kwanza, ukweli katika kuandika ni amana. Sisi Waislamu tunapokea ushahidi wa mtu aliyeuona mwezi mwandamo, na watu wakafunga na kufungua kwa ajili yake. Mtoto anayezoea kuchora mwezi asiouona kwenye daftari, kesho atakuwa mtu mzima. Na mwalimu anayetoa alama kwa nafasi zilizojazwa tu, anamfundisha mtoto huyo kusema uongo. Kosa la mwaka jana lilianza kwetu, na zoezi la mwaka huu, Inshaallah, anayeandika kwamba kulikuwa na mawingu atapata alama zake kamili.

Pili, kumheshimu mwalimu si kunakili makosa yake. As-Sufi alimtegemea Ptolemy katika mengi, akamsahihisha katika mengine, na hakumtukana.

Tatu, elimu hii si kupiga ramli. Kitabu tulichokieleza kinapima mahali pa nyota na mwanga wake. Wanaowaambia watu bahati zao kwa nyota na kuchukua fedha zao wasijifiche nyuma ya kazi ya namna hii.

Nne, wazazi wasiwatenganishie watoto madrasa na somo la fizikia au hisabati. Katika Sura ya Aal Imran tunaambiwa kwamba katika kuumbwa mbingu na ardhi mna ishara kwa wenye akili. Mwenye kuzipima ishara hizo kwa ukweli hakutoka nje ya dini yake.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) awarehemu wanachuoni wetu waliotangulia, awape watoto wetu macho ya kuona na ulimi wa kusema kweli, na atusamehe sisi walimu pale tulipokosea. Amin.

Wabillahi tawfiq.